Vita Ndani ya Jicho: Karne ya Macho Mekundu Nyanza

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia unapita Kisian, unapanda, na baada ya kilomita 25 hivi unafika Maseno, mji mdogo uliokalia ikweta. Katika eneo ambalo matatu inaweza kulizunguka kwa siku moja ukianzia hapo, karne iliyopita ilikusanya karibu kila ambukizi linalojulikana kwa kuwasha jicho la binadamu: usubi wa mitoni, ukoma, kifua kikuu, surua, kaswende, mkanda wa jeshi na Virusi vya Ukimwi (VVU). Daktari wa macho aliyeko London akikuta jicho limevimba ndani, mara nyingi atapima kila kitu asipate kidudu, na atahitimisha kwamba kinga ya mgonjwa imemgeukia mwenyewe. Mwenzake wa Maseno hana ruhusa ya kuanzia hapo. Kwake kidudu ni mshukiwa wa kwanza mpaka kiondolewe lawama.

Hata hivyo uvimbe wenyewe ni kazi ya mwili. Mishipa ya damu hupanuka, chembe nyeupe humiminika, na maji safi yaliyo mbele ya mboni huchafuka. Vita vya namna hiyo vikipiganwa mguuni huacha kovu na mtu akaendelea na shamba lake. Jicho halina mahali pa kuweka kovu: milimita moja ya ukungu katikati ya konea, au doa moja katikati ya retina, na mtu hatambui tena uso wa mwanawe. Ndiyo maana historia hii haiwezi kuwa ya vidudu peke yake. Mara kadhaa kwenye ufuo huu, aliyeumiza jicho alikuwa mtu mwenye sindano au kidonge mkononi, aliyekuja kusaidia.

Reli, malale na arseniki, 1901–1910

Reli kutoka Mombasa ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, Desemba 1901. Wakati huohuo malale yalikuwa yakiwamaliza watu kuanzia Busoga, visiwa vya Buganda na kuzunguka ghuba ya Kavirondo. Aldo Castellani na David Bruce, wakifanya kazi Entebbe kati ya 1902 na 1903, waliunganisha ugonjwa huo na tripanosoma na mbung'o. Mwaka 1906 J. J. Willis wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alianzisha kituo cha Maseno, na shule iliyozaliwa hapo ikaja kuwasomesha viongozi wengi wa Nyanza. Mwaka huohuo, ng'ambo ya ziwa, Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese.

Koch alikuwa ametoka kupokea Tuzo ya Nobel ya 1905. Dawa aliyoijaribu dhidi ya malale iliitwa Atoxyl, mchanganyiko wenye arseniki. Wagonjwa walipata nafuu, vimelea vikatoweka kwenye damu, kisha vikarudi, naye akapandisha dozi. Watu 22 wakapofuka moja kwa moja. Hapa hapakuwa na wekundu wala uvimbe wa kuonekana, kwa sababu arseniki iliiua neva ya jicho kimyakimya, na mtu akabaki na macho mazuri yasiyoona. Tryparsamide, iliyofuata miaka ya 1920, ilikuwa na nguvu zaidi dhidi ya malale yaliyokwisha kuingia ubongoni, lakini ilibeba hatari ileile ya neva ya jicho. Kwa mtu ambaye angekufa kwa malale, pengine hesabu ilikuwa sawa. Sijui kama kuna aliyewaeleza hesabu hiyo wale 22 kabla ya sindano.

Malale yenyewe huliwasha jicho zaidi kwa wanyama kuliko kwa watu. Mbwa mwenye vimelea vya jamii hiyo huweza kuanza kwa machozi, kisha konea ikageuka rangi ya maziwa. Ni kinga yake ikipigana na kimelea kilichojipenyeza kwenye maji ya jicho.

Vyoo na mazizi, 1921–1939

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijana waliosoma Maseno walichoshwa na kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1921 Jonathan Okwiri na wenzake walianzisha Young Kavirondo Association, harakati ambayo watu waliifahamu zaidi kama Piny Owacho. Miaka miwili baadaye Arkidikoni Walter Owen alikuwa ameshaushika usukani, na chama kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kutenga ng'ombe na nyumba ya kulala.

Wanahistoria wengi humlaumu Owen kwamba aliizamisha siasa chooni, na wana hoja. Lakini kwa upande wa macho, choo hakikuwa jambo dogo. Inzi anayependa kutua pembeni mwa macho ya watoto huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya udongo. Shimo refu lenye giza halimfai. Inzi huyo hubeba trakoma, na trakoma ni uvimbe unaojirudia utotoni mpaka ukope wa juu unajikunja kwa makovu na kope zikaanza kuikwaruza konea. Kenya ilihangaishwa na trakoma zaidi katika maeneo makavu: Turkana, Pokot, Narok, Kajiado. Nyanza haikuwa kwenye orodha hiyo. Siwezi kuvipa vyoo vya Owen sifa yote. Mvua na maji ya karibu ya kunawia mtoto uso vina haki ya sehemu kubwa zaidi.

Kodera, 1942–1967

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea kusini mwa ghuba, kwenye bonde la Kodera karibu na Oyugis, na kwenye vijito vingine vya Nyanza hadi misitu ya Kaimosi na Kakamega.

Wakazi wa mabonde hayo walijikuna. Ngozi ilikakamaa na kuzeeka kabla ya mwenyewe, vinundu vikajitokeza kiunoni na mbavuni, na wengine wakapoteza macho. Huko Guatemala, Rodolfo Robles alikuwa ameshaunganisha vinundu vya namna hiyo na ugonjwa wa macho tangu 1915. Donald Blacklock alionyesha Sierra Leone mwaka 1926 kwamba mnyoo wa Onchocerca hupitishwa na inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo. Mbelgiji Jean Hissette aliwakuta vipofu wa mtoni Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Harold Ridley, yuleyule aliyekuja kubuni lenzi ya kupandikizwa jichoni, akauandika upofu huo wa Gold Coast mwaka 1945. Kwa hiyo Nyanza haikuwa ya kwanza kuujua ugonjwa huu, yaani usubi. Ilikuwa ya kwanza kuufukuza.

Tuangalie kwanza kinachotokea jichoni, maana ndicho kiini cha mambo. Mnyoo jike hukaa ndani ya kinundu kwa miaka kumi na zaidi, akizaa vijinyoo vidogo mno visivyo na hesabu. Vijinyoo hivyo hutembea chini ya ngozi na kuingia jichoni. Vikiwa hai, jicho hutulia kwa namna ya kushangaza. Daktari akimulika kwa darubini anaweza kuviona vikiogelea mbele ya mboni bila mgonjwa kulalamika. Vikifa, chembe nyeupe huvivamia. Konea hupata madoadoa meupe, kisha ukungu unaanza kupanda kutoka pembeni na chini kuelekea katikati, irisi inashikamana na lenzi, retina ya nyuma inakauka. Mwaka 2002 watafiti waliongeza jambo lingine: ndani ya vijinyoo hivyo huishi bakteria waitwao Wolbachia, na kijinyoo kinapokufa bakteria hao humwagika. Sehemu kubwa ya hasira ya jicho inaelekezwa kwao.

Kwa hiyo mtu aliyekuja na dawa ya kuua vijinyoo vyote kwa mpigo alikuwa anakuja na kiberiti. Ndivyo ilivyotokea kwa diethylcarbamazine, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndani ya siku moja mgonjwa alishikwa na homa, mwasho usiovumilika na uvimbe, na macho yaliyokuwa yamebakiza uoni kidogo wakati mwingine yakaumaliza.

P. C. C. Garnham, daktari wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Kenya tangu 1925, na mwenzake J. P. McMahon walichagua kupambana na inzi. Walikuwa na dokezo kutoka Riana, huko huko Nyanza Kusini: vichaka vya kando ya mto vilipofyekwa, inzi Simulium neavei alitoweka. Inzi huyu anapenda kivuli na haendi mbali na msitu wa mtoni. Mwaka 1946 waliimwagia mito ya Kodera DDT, wakirudia rudia ili kizazi kitakachoanguliwa baadaye nacho kikutane na sumu. Inzi akaisha bondeni.

Cha ajabu ni kwamba walifanya hivyo bila kujua viluwiluwi vya inzi huyo vinaishi wapi. Viluwiluwi vya jamaa zake hushika mawe na majani yaliyozama, na huonekana kwa macho. Vya neavei havikuonekana kokote. Watu waligeuza mawe na kuchambua majani ya mito kwa miaka. Jibu lilichapishwa 1950 na McMahon pamoja na V. D. van Someren, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akichunguza wadudu wa mitoni: viluwiluwi vilikuwa vimejishikiza mwilini mwa kaa. Kaa wa mtoni anatembea chini ya maji na abiria wake, na mtu anayegeuza mawe humfukuza kaa kabla hajamtazama.

Baada ya hapo kazi ikawa na macho. Ukitaka kujua kama mto umepona, kamata kaa umkague. McMahon na wenzake, R. B. Highton na H. Goiny, waliendelea kutoka bonde hadi bonde, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 inzi alikuwa ameondolewa karibu Kenya nzima. Taarifa yao ya 1958 ilitangaza hivyo. Upande wa Mlima Elgon, ambako msitu haujui mpaka wa Uganda, ulibaki na utata wake.

Lazima kusema kwamba DDT haichagui. Iliua wadudu wengine wa mtoni, na leo hakuna mamlaka ya mazingira ambayo ingetia saini kazi ile. Pia vipofu walibaki vipofu. Anayedhani ushindi wa 1946 ulimrudishia mtu uoni hajauelewa ugonjwa huu. Minyoo wazee waliendelea kuzaa ndani ya watu waliokwisha ambukizwa, ila hakukuwa tena na inzi wa kuongeza wapya. Dakta J. M. D. Roberts na wenzake walirudi kuwapima watu miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kuondolewa, wakachapisha matokeo 1967. Miaka 18 baadaye maambukizi yalikuwa karibu yamekwisha, na watoto waliozaliwa baada ya DDT walikulia kandokando ya mto bila kinundu. Vipimo hivyo vya Nyanza vilisaidia dunia kujua mnyoo huyo anaishi muda gani. Mpango mkubwa wa Afrika Magharibi ulioanza 1974 uliufuata mkondo uleule wa kumwinda inzi angali kiluwiluwi.

Dawa tulivu ilichelewa. Ivermectin, iliyotokana na bakteria wa udongo aliowaokota Satoshi Ōmura nchini Japani, ilitangazwa na kampuni ya Merck mwaka 1987 kuwa ya bure kwa usubi. Huvipunguza vijinyoo bila kishindo kile cha jichoni, na Uganda imeitumia pamoja na kuwaondoa inzi mitoni kufuta usubi bonde baada ya bonde.

Magonjwa ya miaka mingi, 1950–1995

Ukiendelea na barabara ya Maseno mpaka karibu na Busia unafika Alupe, ambako ukoma ulitibiwa na ambako kilijengwa kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye baridi, na sehemu ya mbele ya jicho ni mojawapo. Irisi huvimba polepole bila maumivu, kwa sababu neva zilizopaswa kupiga kelele zimekufa ganzi. Kisha dawa inaanza kufanya kazi, bakteria wanakufa kwa wingi, na baadhi ya wagonjwa wanapata mlipuko: vinundu vyekundu, homa, na jicho linalouma ghafla. Mgonjwa huiona dawa kuwa ndiyo mbaya na kuiacha, jambo ambalo mtu yeyote angefanya.

Kifua kikuu kina ujanja wake. Kikiingia jichoni ni vigumu kukithibitisha, kwani huwezi kukata kipande cha retina ukapime. Daktari hutibu kwa kukisia, na kati ya vidonge anavyotoa kuna ethambutol, ambayo kwa baadhi ya watu huigusa neva ya jicho. Dalili ya mapema ni mgonjwa kuanza kuchanganya nyekundu na kijani.

Surua ilipofusha watoto wa Afrika Mashariki kwa wingi, hasa wale waliokosa vitamini A, na zaidi pale bibi au jirani alipotia maji ya majani kwenye jicho bichi. Utafiti wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, uliochapishwa 1987, ulionyesha kwamba kumpa mtoto mwenye surua dozi kubwa za vitamini A kunapunguza vifo. Chanjo ilifanya mengine.

Kwa watoto wachanga, ambao hupata usaha wa macho kutokana na kisonono au klamidia ya mama, dawa ya zamani ilikuwa silva naitreti, ambayo yenyewe huyatia macho wekundu kwa siku kadhaa. Utafiti wa Nairobi wa 1988 ulionyesha kwamba mafuta ya tetrasaiklini yanaweza kuchukua nafasi yake. Halafu 1995, kutoka hospitali ya Kikuyu, ikaja habari kwamba matone ya iodini iliyozimuliwa, ya bei ya chini kabisa, yanakinga vizuri na kuumiza kidogo. Watoto zaidi ya 3,000 walihusika.

Mkanda wa jeshi, 1984–2001

Ukimwi ulitambuliwa Kenya 1984. Ufuo wa ziwa uliubeba kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Wengi walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wengine wakauita ayaki, na kabla ya vipimo kuenea zahanatini matabibu walijifunza kuusoma usoni mwa mtu.

Mkanda wa jeshi ulikuwa ugonjwa wa wazee. Sasa walikuja vijana wa miaka 25 wenye malengelenge upande mmoja wa paji la uso, yakikomea katikati kabisa kana kwamba kuna aliyechora mstari kuanzia nywele hadi puani. Tabibu mzoefu aliitazama kwanza ncha ya pua. Malengelenge yakifika hapo, tawi la neva linaloifikia pua ndilo linaloingia jichoni pia, na jicho liko hatarini hata kama bado jeupe. Wengi waliachiwa kovu la konea na shinikizo la jicho lililopanda. Kaswende nayo ilirudi na sura kali zaidi. Uambukizi wa retina wa saitomegalovirusi, uliowapofusha wagonjwa wengi wa Marekani, ulionekana kwa uchache hapa, na maelezo ya madaktari yalikuwa ya kusikitisha: watu walikufa kwa kifua kikuu kabla kinga haijashuka kiasi hicho.

Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay.

Kinga inaporudi

ARV zilifanya ambacho hakuna dawa nyingine katika historia hii iliwahi kufanya ufuoni, nami sitaki neno lolote hapa limtie mtu shaka kuhusu kuzimeza. Lakini jicho lilitoa mwangwi wa Kodera. Mtu ambaye kinga yake ilikuwa imeshuka mno anaweza kuwa na mabaki ya virusi au bakteria kwenye retina bila uvimbe wowote, kwa kuwa hakuna jeshi la kupigana. Akianza dawa, jeshi linarudi, linawakuta maadui, na wiki au miezi kadhaa baadaye jicho linajaa ukungu wakati mwili mzima unanenepa. Anapaswa kuendelea na ARV huku jicho likitulizwa kivyake.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya VVU ya watu wazima yakiwa asilimia 19.6 Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Wengi wa wenye VVU sasa wanazeeka na dawa zao. Wanaohitaji daktari wa macho wana hospitali ya macho ya Sabatia huko Vihiga, na Kisumu wana hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Hata hivyo kituo cha kwanza cha jicho jekundu ni kemisti. Mtu anaingia, anaonyesha jicho, anauziwa kichupa chenye kiuavijasumu na steroidi pamoja. Steroidi huzima uvimbe kwa haraka ya kupendeza, na kwa jicho ambalo vita vyake vimepitiliza ndiyo dawa sahihi. Kwa jicho lenye kidonda cha herpes simplex huwafungulia virusi mlango, nacho kidonda hutambaa konea nzima wakati mgonjwa anasifu nafuu. Ikitumiwa miezi mfululizo hupandisha shinikizo na kuleta mtoto wa jicho. Kwa toksoplasma iliyoko retina, bila dawa ya kimelea chenyewe, huacha shimo jeusi katikati ya uoni.

Tabibu makini wa Maseno kwa hiyo huweka kichupa pembeni na kuanza kuuliza. Uliwahi kuota mkanda wa jeshi? Unakohoa, unatoka jasho usiku? Nani amekutilia nini jichoni tangu lianze? Umepimwa kaswende? Mwanga unakuumiza? Na ukiwa unatumia ARV, ulianza lini hasa?